Kopo Lililokaa Eda

Usiku wa jana niliota ni saa nne asubuhi na kabati la jikoni kwangu linanipa shikamoo.

Nikaitikia marahaba. Sikuona ajabu. Kabati lile nalijua tangu likiwa mbao. Alilitengeneza marehemu mume wangu, Shaabani Hozza, fundi seremala, mwaka aliozaliwa binti yetu Kidawa. Juu ya milango yake alichonga kwa patasi maneno mawili: AKIBA HAIOZI. Ni kabati lenye malezi.

"Mama Kidawa," likasema, "masika yanapanda mlima. Yameshafika Mombo. Chagua makopo ya kuingia ndani kabla hayajapiga hodi."

"Nafasi ziko ngapi?"

"Inategemea. Unachagua kwa watu wangapi?"

Swali hilo nililala nalo.

Niseme kidogo ili nieleweke. Huku kwetu, juu ya Soni, masika yakikolea njia hukatika wiki tatu, pengine nne. Kila nyumba hujaza kabati mapema: unga, chumvi, na makopo ya nyama na samaki, kwa sababu mboga za majani peke yake hazimsimamishi mtu. Kidawa anakaa Korogwe. Ana mimba yake ya kwanza, ya miezi minane, na kwetu mimba ya kwanza binti hurudi kwao kujifungua. Zahanati iko hatua chache kutoka mlangoni kwangu na mkunga namjua. Mumewe yuko kazini Mtwara. Kidawa amenipigia simu mara tatu: "Mama, nije?" Na mara tatu nimemjibu, "Subiri niitazame mvua." Gari la mwisho linapanda leo, Alhamisi. Nilimwahidi nitamjibu baada ya sala ya alfajiri.

Mvua ilikuwa kisingizio. Miaka miwili iliyopita baba yake alishuka Mombo kufuata makopo ya masika. Akayanunua, akaketi juu ya katoni, akasema anapumzika kidogo. Makopo yalifika nyumbani. Yeye alifika baadaye, amefunikwa. Tangu siku hiyo naogopa kumwekea chakula mtu ambaye bado yuko njiani.

Kwa hiyo nikalijibu kabati: "Mmoja."

Kabati likakohoa vumbi la mbao. "Haya," likasema. "Mmoja. Waite wanafunzi."

Sijui ni nani aliyewaita. Jikoni pakawa chuoni, pale pale nilipojifunzia alifu na bee, na mikeka imetandikwa. Makopo yameketi kwa safu, mafupi mbele, marefu nyuma. Mimi niko kwenye kiti cha mwalimu. Badala ya bakora nimeshika kifungua kopo.

Akasimama wa kwanza, kopo la nyama ya ng'ombe, jekundu, lina ufunguo wake ubavuni.

"Nani alikuchinja?" nauliza.

"Sikumwona, mwalimu. Nilikuwa nimeelekezwa kibla."

"Alisema bismillahi?"

"Alisema. Nilisikia kwa sikio la kulia. La kushoto lilikwenda kwenye soseji."

"Muhuri unao?"

Likageuka likanionyesha mgongo. Muhuri wa halali upo, haukufutika. Nikaliuliza ladha.

"Nichanganye na viazi," likasema, "unikaange na kitunguu mpaka nishike kahawia pembeni. Majirani watakuja mmoja mmoja kuomba chumvi, na chumvi wanayo."

Jibu hilo lilinipendeza. Nikalibonyeza kifuniko kwa dole gumba, hakikucheza. "Kaa kulia," nikasema.

Likaja kopo la jodari, jembamba, linatembea kwa madaha. Kabla sijauliza likasema, "Mimi sikuchinjwa. Samaki hatuchinjwi. Nilikufa kwa adabu."

"Uko kwenye mafuta au maji ya chumvi?"

"Mafuta, mwalimu. Wa maji ya chumvi ni ndugu yangu yule kwenye kona."

Nikatazama kwenye kona. Ndugu yake alikuwa akinywa maji, kikombe baada ya kikombe, wala hatazami mtu.

"Atatosheka lini?"

"Hajatosheka tangu kiwandani," jodari akasema. "Ukimchukua, mwaga maji yake kwanza, umkamulie limau. Si mtu mbaya."

Maharage ya kopo yalisimama yote kwa pamoja na kusema kwa pamoja, kwa sababu ni mengi. "Sisi hatuna damu wala hatujawahi kukimbia kisu. Tuko mia moja na kumi na mbili."

"Mia moja na kumi na moja," ikasema sauti ndogo kutoka ndani. "Mmoja ni jiwe."

"Nyamaza, jiwe."

Nikayapokea hivyo hivyo. Jiwe lililojitaja lenyewe ni jiwe la kweli.

Ndipo likasogea kopo moja kubwa, limejaza kifua, halina haya. "Mwalimu, mimi ni nyama ya kuku. Nimenenepa kwa neema ya Mungu. Wenye wivu wanasema nimevimba."

Nikaliwekea dole gumba juu. Likalia *tok*.

"Umejitaja," nikaliambia. "Toka."

Likatoka, linalalamika mpaka mlangoni kwamba mjini makopo yaliyovimba yanaheshimiwa.

Wateule walipokuwa watatu, nyama na jodari na maharage, makopo yalisimama mbele yangu yakauliza kwa adabu, "Tunakwenda kulisha wangapi?"

"Mmoja."

Yakapungua. Sikusikia sauti, niliona tu. Nyama ya ng'ombe ikawa kizibo cha soda. Jodari akawa kifungo cha shati. Maharage sikuyaona kabisa mpaka jiwe lilipopiga chafya.

"Kwa mmoja tunatosha hivi," yakasema kwa sauti ya mbu.

Nikayaokota kwenye kiganja. Na mimi nilikuwa nimechagua vizuri! Makopo matatu bora kabisa, na yote hayajazi kijiko.

"Hodi," mtu akaita.

Hapo chuo kikawa barabara. Tuko kwenye kona kali, chini ya Soni, bonde upande mmoja na ukuta wa mlima upande mwingine. Kabati limesimama katikati ya lami, milango wazi, na hakuna gari linalopiga honi. Anakuja mwanamke mrefu amevaa kanga zilizolowa. Amejifunika mwavuli, na mvua inanyesha chini ya mwavuli, juu yake peke yake. Nje ya mwavuli ni kukavu.

"Mimi ni Bi Masika," akasema. "Nimekuja kukagua kabla sijafunga njia. Kwa kawaida sikagui. Mwaka huu nimeamua kuwa na utaratibu."

"Karibu," nikasema.

Akaokota kizibo cha soda kwenye kiganja changu, akakisoma mgongoni kwa shida. "'Hifadhi mahali pakavu, pasipo na jua.' Ni nani anayehifadhiwa hapa?"

Kabati likaninyooshea mlango mmoja.

Nikajikuta niko ndani, rafu ya tatu, kati ya chumvi na kiberiti, miguu nimekunja. Kiunoni nimezungushiwa karatasi, imegandishwa kwa gundi ya useremala. Bi Masika akaisoma kwa sauti, kama mtu anayesoma tangazo la msiba:

"SAUMU HOZZA. MJANE. UZITO HALISI KILO SITINI NA MOJA, PAMOJA NA KANGA. HIFADHI MAHALI PAKAVU." Akaniangalia. "Anaitwa Saumu, na ndiye anayeshika ufunguo wa chakula?"

"Nilizaliwa Ramadhani," nikasema.

Kabati likacheka kwa bawaba. Sikulikaripia.

Bi Masika akaingiza mkono, akaweka dole gumba lake la baridi juu ya tumbo langu, akabonyeza. Nikasubiri kulia *tok*. Sikulia.

"Hajavimba," akasema. "Lakini amebonyea. Umebonyea wapi, mama?"

"Ubavuni."

"Si kwenye mshono?"

Hilo ni swali la maana. Kopo lililobonyea ubavuni linaliwa bila wasiwasi. Lililobonyea kwenye mshono hewa imeshaingia, halifai tena. Nikajipapasa polepole, juu mpaka chini. Mshono wangu ulikuwa mzima.

"Si kwenye mshono," nikasema, na mimi mwenyewe nikashangaa.

"Basi unafaa," akasema Bi Masika, bila kunipongeza. "Na nyuma yako kuna nani?"

"Hakuna mtu."

"Kuna anayepumua."

Nikajua amelisikia. Nyuma ya mfuko wa unga kuna kopo moja la samaki wa mchuzi wa nyanya. Ni la mwisho katika katoni ile ya Mombo. Mengine yote ndugu waliyafungua na kuyapika nilipokuwa nimekaa eda chumba cha ndani. Sikuyaona hata yalivyokuwa. Nilipotoka eda nikakuta limebaki hilo moja. Nikalifunga kitambaa cheupe, nikaliweka nyuma ya unga, na sikuligusa tena ila kuhakikisha lipo.

"Asalaam alaikum," kopo likasema, bila kufunua uso. "Mtanisamehe, siwezi kutoka. Nipo eda."

"Eda ya nani?" Bi Masika akauliza.

"Ya fundi Shaabani. Ndiye aliyeninunua."

Nikaona niseme, maana hilo nalijua, siku zile nilizipitia mwenyewe moja moja. "Eda ni miezi minne na siku kumi. Wewe una miaka miwili."

"Hata mimi nashangaa, mama," likasema. "Kila nikiuliza kama imekwisha, mtu anasukuma mfuko wa unga mbele yangu."

Bi Masika akanitazama. Kabati likatazama barabara.

"Lakini akiba haiozi," nikasema. "Mume wangu mwenyewe aliyachonga hayo maneno. Yapo hapo juu."

"Aliyachonga kweli," kabati likasema. "Nilikuwepo. Yaliniuma."

Kopo likafunua uso kidogo. Sauti yake ilikuwa ya upole, haikuwa ya ugomvi. "Akiba haiozi, mama. Ni kweli kabisa. Ila mimi si akiba. Mimi ni samaki."

Chini bondeni kuku aliwika, nadhani alikuwa yule aliyevimba.

"Nina tarehe," likaendelea. "Ni mwezi huu. Sikutengenezwa nikumbukwe. Nilitengenezwa niliwe na ugali, watu wakigombania mchuzi."

"Alikununua kwa ajili ya nani?" nikauliza.

"Nigeuze. Miaka miwili umenifuta vumbi juu tu. Hujawahi kunigeuza."

Nikalichukua, nikaligeuza. Chini yake pameandikwa kitu kwa penseli nyekundu, ile ya useremala, ambayo haikuondoka sikioni kwa mume wangu hata siku ya Idi. Nilimjua. Alikuwa hawezi kuona kitu bila kukipima. Boga likiingia nyumbani alikuwa analiandika ubavuni, "2", maana yake linatosha watu wawili. Mkate alikuwa anauandika kwenye karatasi yake. Mara moja alimwandika jogoo.

Sasa naona wekundu lakini siwezi kusoma. Miwani yangu iko upande wa pili wa ndoto. Nikasugua kwa dole gumba ili nione vizuri, nikazidi kupaka.

"Mama," Bi Masika akasema, "mimi sina siku nzima. Nina milima. Sema unachagua kwa watu wangapi, nifunge njia."

Nikafungua mdomo kusema neno nililolizoea. Kwenye kiganja changu kile kizibo cha soda kikafumba macho.

Simu ikalia ndani ya mfuko wa mchele. Nikaingiza mkono, nikaipokea.

"Mama, nije?" Ni Kidawa.

Na nyuma yake sauti nyingine, ndogo, kama mtu anayeongea kutoka ndani ya mtungi: "Bibi, tuje?"

"Nani huyo, Kidawa?"

"Hajapewa jina bado, mama. Ila ameshajua kuongea na simu."

Nikakaa na simu sikioni. Lami ilikuwa kavu, bonde liko wazi mpaka chini, naiona njia yote aliyopita baba yake, kona baada ya kona, na hakuna kona iliyokuwa na kosa. Ilikuwa njia tu. Watu wengi huipanda wakafika.

"Watatu," nikasema.

"Sema kwa sauti," kabati likasema. "Mimi ni la mbao ngumu."

"Nachagua kwa watu watatu! Mimi, na yeye, na huyo asiye na jina."

Nyama ya ng'ombe ikafutuka kiganjani mpaka nikaidondosha, ikawa kubwa kama sanduku la bibi harusi. Jodari akarudi na madaha yake. Ndugu yake wa maji ya chumvi, ambaye sikujua amekuja, akaweka kikombe chini, akasema neno lake la kwanza: "Alhamdulillahi." Maharage yakajihesabu, yakafika mia moja na kumi na mbili, na safari hii hakuna aliyelibagua jiwe.

Bi Masika akafunga mwavuli. Mvua ikabaki ndani yake, inagongagonga kutaka kutoka.

"Watatu nawapa mpaka Jumamosi," akasema. "Narudi Mombo. Kuna kitu nimesahau."

"Umesahau nini?"

"Nitakumbuka Jumamosi."

Akashuka kona. Kabati likajinyoosha, likasema kama imamu anayepanga safu, "Sogeeni, sogeeni, msiache nafasi. Vya mzazi mbele. Bismillahi." Na ndani ya kopo la samaki, nililokuwa bado nimelikumbatia, nikasikia mtu anaadhini, kwa mbali, halafu karibu, halafu nikajua ni msikitini kwetu.

Nikaamka.

Sikukimbilia jikoni. Nilitawadha, nikaswali, nikakaa juu ya mswala mpaka moyo ukatulia. Chuoni tulifundishwa kwamba ndoto njema humsimulii kila mtu, humsimulia unayempenda. Nikachukua simu.

"Mama?" Kidawa akapokea haraka, kama aliyelala ameishika. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Gari linatoka saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Panda. Kaa kiti cha mbele, na umwambie dereva hali yako, asione haya kwenda polepole."

"Na mvua, mama? Si ulisema unaitazama?"

"Mvua nimeongea nayo."

"Umeongea nayo?"

"Mpaka Jumamosi haina neno. Sasa sikiliza. Kabla hujapanda, pita dukani. Chukua nyama ya ng'ombe ya kopo, tazama muhuri. Chukua jodari wa mafuta. Kila kopo libonyeze juu kwa dole gumba. Likilia *tok*, liache hapo hapo, hata wakikuapia. Likiwa limebonyea ubavuni, chukua. Mshononi, usichukue."

"Mama, unanifundisha makopo leo?" Nikasikia anacheka, kisha akavuta kamasi. "Nichukue ya watu wangapi?"

"Watatu."

"Sisi tuko wawili, mama."

"Hesabu tena."

Akahesabu. Nilimsikia akihesabu, kwa pumzi. Kisha akasema, "Haya, mama. Nakuja," na simu ikakatika kwa sababu alikuwa analia na hakutaka nisikie. Huyo ni mtoto wa baba yake.

Nikaingia jikoni. Kabati lilikuwa kimya, kabati la kawaida, milango imefungwa. Nililisalimia hata hivyo. Nikasogeza mfuko wa unga, nikafungua kile kitambaa cheupe, nikalitoa kopo. Atafika na njaa, nitamwekea na ugali wa moto, na pilipili kidogo kwa pembeni. Nikavaa miwani, nikasoma tarehe. Ni mwezi huu, siku bado zipo.

Halafu nikaligeuza. Miaka miwili sikuwahi kuligeuza.

Chini yake, kwa penseli nyekundu ya useremala, kuna tarakimu moja: 3.

Siku aliyoiandika tulikuwa yeye, na mimi, na Kidawa. Hakuwahi kukosea kipimo, marehemu.

Mkia wa ile tatu ulikuwa umepakazika, kama mtu ameusugua sasa hivi. Nikatazama dole gumba langu. Lilikuwa jekundu, na nilikuwa nimeshatawadha.

"Haya, toka," nikaliambia kopo. "Eda imekwisha."